Nilinunua programu kwa halali, sasa wananikodishia: je, nilipe, nihame au niibe?

SWALI

Yaya, nakusalimu kutoka Kampemba, hapa Lubumbashi.

Nina imprimeri ndogo, chumba cha mbele cha kupokea watu na chumba cha nyuma cha mashine. Tunatengeneza mialiko ya ndoa, kalenda za parokia, vyeti vya shule, banderoli, lebo za wauza maji na mikate, na zile picha za kilio ambazo familia inavaa kifuani. Kazi zote hizo zinapita katika programu moja ya kuchorea. Niliinunua zamani, wakati ilikuwa bado inauzwa ndani ya boksi pamoja na namba yake. Kaka yangu aliniletea kutoka Johannesburg, na bei yake ilizidi bei ya mashine ya kuchapia niliyokuwa nayo. Nilikubali kwa sababu niliambiwa ukishalipa, umelipa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa programu hiyo. Vijana niliowafundisha wamefungua maduka yao, nao wanafundisha wengine kwa programu ileile. Ukitoka hapa hadi Katuba utakuta maduka yanayoitumia kwa sababu mwenye duka au mwalimu wake alipita mikononi mwangu. Sijawahi kumwona mtu wa kampuni hiyo akikanyaga mji huu kuja kuitangaza. Tuliitangaza sisi.

Kisha siku moja kurenti ilikatika, ikarudi kwa nguvu, na diski ya kompyuta ikaungua. Nikanunua diski nyingine, nikachukua boksi langu na namba yangu, nikaweka programu upya. Ikadai ijithibitishe kwanza kwa intaneti, na seva, ile kompyuta ya kampuni inayothibitisha namba, haikujibu. Nikawaandikia. Wakanijibu kwa maneno mazuri kwamba toleo langu limefikia mwisho, seva yake imezimwa, na kwamba nakaribishwa kwenye abonema, yaani kulipia programu kila mwezi.

Niliingia kwenye abonema kwa sababu kazi za watu zilikuwa zinangoja. Mwanzoni bei ilikuwa ya kubebeka. Baadaye ikapanda, wakaeleza kwamba wameongeza mambo ya akili mnemba, ambayo mimi sikuyaomba na siyatumii. Kijana wangu mmoja akafungua ukurasa wao kama mgeni asiyejulikana: akaonyeshwa bei ndogo kuliko ninayolipa mimi. Mgeni anapewa punguzo, mwenyeji anaongezewa!

Kilichoniumiza zaidi ni hiki. Mwezi mmoja kadi yangu ya benki ilikataliwa, na programu ikajifunga. Siku hiyohiyo akaja mama mmoja wa kwaya, akaomba banderoli yao ya mwaka uliopita ibadilishwe tarehe tu. Faili ninayo. Niliichora mimi, iko kwenye diski yangu, na nikashindwa kuifungua. Mama akaniuliza, "Lakini si ni kazi yako?" Nikakosa jibu.

Sasa kijana mmoja wa kazini anasema tuweke kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipa, kila mtu anafanya hivyo. Mwingine anasema tuhamie programu za bure. Mume wangu anasema lipa, usipoteze wateja. Mimi nina uchungu tu. Hivi kampuni hiyo haina deni lolote kwetu sisi tuliokaa nayo miaka yote? Na nifanye nini?

Mama wa imprimeri, Kampemba

JIBU

Mdogo wangu, uchungu wako ni wa haki, na sitaki uupite haraka. Ulilipa bei iliyotajwa, ukatimiza kila sharti, ukafanya kazi ya kutangaza ambayo hakuna aliyekulipa. Kisha bidhaa uliyonunua ikazimwa kutoka mbali. Hukuitaja kampuni, nami sitajaribu kuikisia. Nitakayoyasema yanahusu kampuni nyingi, na ni vizuri uyajue kabla ya kuamua, kwa sababu uamuzi unaofanywa kwa hasira dhidi ya kampuni moja unaweza kukupeleka moja kwa moja mikononi mwa nyingine ya aina ileile.

Zamani programu iliuzwa kama kitu. Kampuni ilipata fedha nyingi mwaka wa toleo jipya, kisha ikakaa ikingoja. Programu zilipokomaa, watu wengi waliona toleo walilonalo linatosha, wakaruka matoleo mawili au matatu bila kununua. Kwa mwenye imprimeri hiyo ni busara. Kwa wenye hisa ni balaa. Mwezi Mei 2013 Adobe, kampuni ya Photoshop, ikatangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa abonema tu. Toleo la CS6, lililotoka 2012, likawa la mwisho kuuzwa moja kwa moja. Wateja walilalamika sana. Lakini mapato ya kampuni, yaliyokuwa dola bilioni 4 na kidogo mwaka 2013, yalizidi dola bilioni 21 mwaka 2024. Wakubwa wa kampuni nyingine walizisoma hesabu hizo. Autodesk, ya AutoCAD ambayo wachora ramani wa migodi na majengo hapo Lubumbashi wanaijua vizuri, ilianza kuacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. Kampuni ya Broadcom ilimaliza kuinunua VMware, ya programu za kuendeshea seva, mwezi Novemba 2023, na mwezi uliofuata tu ikatangaza kwamba leseni za kudumu haziuzwi tena.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kampuni ina deni kwako, nakujibu kwamba kwa haki ya kibinadamu inalo. Katika vitabu vyake vya hesabu halimo. Kilichomo ni kitu kingine: gharama ya wewe kuondoka. Kila faili uliyochora, kila kijana uliyemfundisha, kila njia ya mkato ambayo vidole vyako vimeizoea, vimeifanya gharama hiyo ipande mwaka hadi mwaka. Mgeni anapewa bei ndogo kwa sababu bado anaweza kwenda kwingine. Wewe unaongezewa kwa sababu wanaamini huwezi. Inauma kusikia, najua, lakini ukilielewa hilo utaona pia mahali pa kushika: bei huwezi kuibadilisha ukiwa Kampemba, lakini gharama ya kuondoka unaweza kuipunguza, na kuipunguza ni kazi ya mikono yako mwenyewe.

Je, malalamiko hayasaidii? Yamewahi kusaidia. Mwaka 2015 JetBrains, kampuni ya Prague inayotengeneza zana za waandishi wa programu, ilitangaza abonema tupu. Watumiaji wakapiga kelele, na ndani ya wiki chache kampuni ikarekebisha: anayelipa miezi 12 anabaki na toleo lake hata akiacha kulipa. Septemba 2023 Unity, ambayo watengenezaji wa michezo ya kompyuta wanaitegemea, ilitangaza ada mpya ya kila mara mchezo unapowekwa kwenye kifaa. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba sehemu ya ada iliondolewa mwezi uleule, mkuu wa kampuni akaondoka Oktoba, na Septemba 2024 ada yote ikafutwa. Tazama lakini waliolalamika ni nani: watu wa kazi moja, wengi, waliosema pamoja, na wenye programu nyingine ya kuhamia. Kampuni iliogopa kuondoka kwao. Barua ya duka moja haiwezi kuleta hofu hiyo, kwa hiyo usiutie usiku wako humo.

Barua moja fupi, hata hivyo, iandike. Usiombe huruma wala usisimulie historia. Taja namba ya programu, weka picha ya boksi na ya risiti kama bado ipo, na uombe njia ya kuithibitisha programu bila intaneti. Adobe ilipozima seva ya CS2, toleo lake la zamani, mwanzoni mwa 2013, ilitoa namba maalum ili wenye programu hiyo waendelee kuitumia. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana pale kampuni inapotaka. Wakikataa, umepoteza dakika chache.

Sasa kraki. Sitakuficha msimamo wangu: siipendi, kwanza kwa sababu kuna watu waliofanya kazi ile, hata kama wakubwa wao wamekukosea. Lakini tuiangalie kwa upande wa duka lako pia. Kraki nyingi zinakuambia uzime kinga ya virusi kabla ya kuiweka. Nani anakuambia hivyo, na kwa nini? Kwenye kompyuta yako kuna picha za marehemu wa watu, vyeti vya shule, mihuri na saini za wakurugenzi ulizopewa kwa ajili ya kuchapa. Mwizi akiingia humo, anaibiwa mteja aliyekuamini. Na hata kraki ikiwa salama kabisa, bado inakuacha palepale: faili zako zinaendelea kuzaliwa katika lugha ya kampuni ileile, vijana wako wanaendelea kujifunza chombo kilekile. Umekwepa bei ya mwezi huu, umeongeza gharama ya kuondoka.

Nikija kwenye jambo lenyewe, anza na faili, kabla hujaamua programu ipi. Programu inabadilishwa kwa wiki chache. Kazi za wateja hazichorwi mara mbili. Kama sasa hivi abonema imefungwa, lipa mwezi mmoja uifungue, na utumie mwezi huo kutoa kazi zako nje. Lakini kabla ya kulipa soma vizuri unachokubali. Kuna abonema ya mwezi kweli, na kuna abonema ya mwaka mzima inayolipwa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa macho zinafanana, na ya pili ukiikatiza katikati unaweza kutozwa ada. Si jambo la kubuni: Juni 2024 serikali ya Marekani iliishitaki Adobe ikidai kwamba ilificha ada ya aina hiyo kwa wateja wake. Angalia pia kama ile abonema iliyojifunga kadi ilipokataliwa bado inakudai, na tarehe ambayo inajirudisha yenyewe.

Usijaribu kutoa kila kitu. Picha za kilio zilizokwisha, mialiko ya ndoa za zamani, hizo ziache mwisho. Anza na wanaorudi: shule yenye vyeti kila Julai, parokia yenye kalenda, wauza maji na mikate wenye lebo, kwaya, vyama vya akina mama. Kwa kila kazi toa nakala tatu. Ya kwanza ni PDF ya kuchapa, maandishi yakiwa yamegeuzwa kuwa michoro ili herufi zisibadilike kwenye mashine nyingine. Ya pili ni SVG, aina ya faili ya michoro, ambamo maandishi yamebaki maandishi, maana ndiyo itakayokuwezesha kubadilisha tarehe ya banderoli; wengi wanasahau hii, wanabaki na PDF nzuri wasiyoweza kuigusa. Weka fonti zake kando yake katika folda moja. Ya tatu ni picha kubwa ya TIFF au PNG, ili ujue kazi ilivyokuwa inaonekana. PDF ilibuniwa na Adobe, lakini tangu 2008 ni kanuni ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, na SVG imekuwa kanuni ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 2001. Maana yake ni kwamba hakuna kampuni moja inayoweza kuamka asubuhi ikakufungia mlango wa faili hizo. Faili za asili nazo zitunze, usizifute. Na kwa jinsi kurenti ya SNEL inavyotuchezea, weka yote kwenye diski mbili za nje, moja ilale nyumbani, isilale dukani.

Kuhusu programu za bure, kijana wako wa pili anasema kweli, ila asikuambie kwamba kila kitu kitaenda sawa. Inkscape, programu ya kuchorea iliyoanza 2003, inaweza mialiko, lebo, nembo na banderoli bila shida. GIMP, ya kurekebisha picha, ambayo toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025, inafungua faili nyingi za picha za programu za kulipia, ingawa baadhi ya vitu humo hupotea au hubadilika. Shida yako itakuwa rangi. Inkscape kimsingi inafanya kazi kwa rangi za kioo cha kompyuta, si kwa wino nne za uchapaji. Kwa kalenda na vitabu vinavyokwenda kwenye mashine kubwa, kazi ya mwisho ipitishe Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, ambayo inajua wino nne na inatoa PDF ya mchapaji. Jaribu kwa kipande kidogo kabla ya kuchapa wingi. Rangi ya bluu itakusumbua kwanza.

Hapa nataka utofautishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: bure ya kampuni na uhuru wa leseni. Affinity, programu nyingine ya usanifu, iliuzwa miaka mingi kwa malipo ya mara moja, na waliochoshwa na abonema waliikimbilia. Machi 2024 Canva, kampuni ya usanifu wa mtandaoni, ikainunua kampuni yake, na mwishoni mwa Oktoba 2025 ikatoa Affinity mpya bila malipo, kwa sharti la kuwa na akaunti ya Canva. Ni programu nzuri, na kama inakufaa itumie. Lakini ujue kwamba bure hiyo imeamuliwa na kampuni, na kampuni inaweza kuamua vingine. Inkscape, GIMP na Scribus ziko chini ya leseni inayompa kila mtu haki ya kuitumia, kuigawa na kuiendeleza programu, na haki hiyo haifi hata aliyeianzisha programu akichoka. Blender, ya picha za pande tatu, ilikuwa mali ya kampuni iliyofungwa Uholanzi mwaka 2002. Watumiaji wake walichanga euro 100,000, wakainunua programu kutoka kwa wawekezaji, wakaifanya ya wote. Mpaka leo iko hai, imekua, na hakuna anayelipa. Ukiniuliza uaminifu wa watumiaji unaweza kuzaa nini, huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote.

Mume wako naye hajakosea. Usifunge abonema leo, ukawaambia wateja wangoje mpaka ujifunze upya. Baki na leseni moja kwenye kompyuta moja kwa zile kazi ambazo bado zinaihitaji, na gharama yake igawe ndani ya bei za kazi hizo, kama unavyofanya na wino na karatasi. Kompyuta nyingine ziwekee Inkscape na Scribus. Kazi mpya zote za mialiko na lebo zianzie huko. Baada ya miezi michache hesabu ni kazi ngapi zilizolazimika kurudi kwenye ile ya kulipia. Kama ni chache, utajua tarehe ya kuiacha. Kama ni nyingi, utaendelea kulipa kwa sababu inakuingizia, na hapo kulipa hakutakuuma kama sasa.

Vijana unaowafundisha ndio jambo ninalolitilia uzito kuliko bei. Umesema maduka mengi yanatumia programu ile kwa sababu walipita kwako. Basi una nguvu ambayo kampuni haina katika mji huo. Wafundishe kwanza mambo yasiyo na mwenye: mpangilio wa ukurasa, uchaguzi wa herufi, rangi, ukubwa wa picha kwa kuchapa, jinsi ya kuandaa faili ili duka lolote liweze kuifungua. Kisha wafundishe kuyafanya hayo katika programu mbili, si moja. Na waite wale wenye maduka waliopita mikononi mwako mkae Jumamosi moja, kila mmoja alete faili iliyomshinda kuhamisha. Mwenzako wa Katuba huenda amekwisha kutatua tatizo la bluu wakati wewe ndio kwanza unakutana nalo.

Kwa yule mama wa kwaya, usimweleze habari za seva na abonema. Mwambie ndiyo, ni kazi yako, na kwamba ukishaifungua utampa nakala yake ya PDF aitunze, bila malipo. Wape hivyo wateja wote wanaorudi. Wengine watakuonya kwamba watapeleka nakala hiyo kwa mshindani. Wachache watapeleka, ni kweli. Mimi ningewapa tu, maana hutaki kuwafanyia wao kile ulichofanyiwa.

Ukimaliza kuhamisha kazi za shule na parokia, niandikie ni faili zipi zimekataa na zimekataa vipi: zimepoteza herufi, zimepoteza kivuli, au hazikufunguka kabisa. Kila moja ina dawa yake, na wasomaji wengine wa Goma na Bukavu wameniandikia shida hiyohiyo.